Namba Saba

Saa tisa usiku, Januari, Iowa.
Theluji imepanda hadi nusu ya dirisha la banda,
tochi yangu imeanza kufifia,
na Mia Nne Kumi na Mbili amemaliza kuzaa:
kumi na mmoja. Mmoja kamlalia.
Wamebaki kumi.

Nawakamata kwa miguu ya nyuma.
Wanapiga kelele kama wanaochinjwa,
nami nachukua ncha ya sikio tu,
kipande kama punje ya ulezi,
nakidondosha kichupani, naandika namba,
namrudisha kwenye titi, ananyamaza.
Wamesahau. Mama yao ananitazama
kwa jicho moja.

Hana kosa. Buheri wa afya,
kilo mia mbili na kumi, hajakohoa maisha yake yote.
Dume naye vivyo hivyo.
Ila kila mmoja amebeba herufi moja iliyokosewa
na pacha wake aliye sahihi, anayemsitiri.
Zikikutana mbili mbovu
mtoto huzaliwa mnene, wa waridi, mzuri wa kutazama,
na katika damu yake hakuna askari.
Mlango upo. Komeo hakuna.

Daktari Rensink anataka majibu kabla ya adhuhuri.
Dang'a la mama, husema, ni kinga ya kuazima,
na mwenye mali atakuja kudai.

Basi mashine inapasha, inapoza,
inapasha, inapoza, mara thelathini na tano.
Nakunywa kahawa iliyochacha.
Kisha jeli, chini ya taa ya buluu:
mstari wa juu peke yake, mzima;
wa juu na wa chini, mbebaji;
wa chini peke yake —

Namba saba.

Kaka yangu Wendell aliishi miezi mitano.
Mwaka wa sabini na moja, nami nina miaka sita.
Nakumbuka utandu mweupe mdomoni mwake,
mama akiufuta kwa kitambaa, ukirudi.
Nakumbuka homa. Bibi alilaumu baridi ya mtoni,
daktari akaandika mapafu,
baba hakuandika kitu, alikwenda kupalilia.
Makaburini kwa Walutheri, kwenye jiwe lake,
kuna tarehe mbili na kistari katikati,
kifupi kuliko ukucha wangu.

Wazazi wangu hawakuugua hata mafua.

Namba saba nambeba ndani ya koti.
Ana joto, ana kwato laini kama sabuni iliyolowa.
Ndugu zake wazima watauzwa kwa kilo,
wabebaji watarudishwa zizini kuzalishwa tena,
yeye mgonjwa atapewa chumba chake,
hewa iliyochujwa, maziwa yaliyochemshwa,
watu wa kuvaa barakoa kabla ya kumsalimu.
Hajui kukataa: hiyo ndiyo thamani yake.
Wataweka ndani yake chembe za binadamu
naye atazipokea zote,
mwenyeji asiyelijua neno hapana.

Nampitisha kwenye kidirisha.
Upande wa pili glavu inampokea.
Sikio lake bado linatoa tone moja la damu,
na glavu inapomgusa mdomo, ananyonya kidole.

Binti yangu Britta ana mimba ya miezi mitatu.
Amenitumia kichupa kwa posta, chenye maelezo:
usile nusu saa, tema mate hadi kwenye alama,
funga, tikisa, rudisha.
Wiki ya tano sasa. Hupiga simu Jumapili,
tunazungumza juu ya rangi ya chumba cha mtoto.

Nimekata masikio elfu tatu na zaidi.
Sijawahi kumwomba mmoja wao ruhusa.

Kumepambazuka. Nyumbani nimevua buti,
nimefungua droo ya jikoni:
mbegu za nyanya za mwaka juzi,
kamba, risiti, kile kichupa, betri.

Nimechukua betri.